Dawati na Njia: Afisa Ustawi wa Jamii na Safari ya Kutafuta Usawa wa Afya

Katika hospitali nyingi za Tanzania kuna maneno mawili ambayo mgonjwa asiye na fedha huyasikia hata kabla hajaambiwa jina la ugonjwa wake: "Nenda Ustawi." Anayeambiwa hivyo ameshapanga foleni kwenye dirisha la malipo, ameshatajiwa bei ya kipimo au ya kulazwa, na ameshapekua mifuko yake yote. Karani hana la kuongeza. Anamwonyesha korido, na mwisho wa korido kuna chumba chenye meza, viti viwili, kabati la mafaili, na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali yasiyohusu homa wala maumivu. Unaishi wapi? Na nani? Unalima au umeajiriwa? Aliyekuleta ni nani wako? Mjumbe wenu anaitwa nani, na namba yake unayo?

Mtu huyo ni afisa ustawi wa jamii. Wagonjwa hawajishughulishi na cheo chake. Humwita kwa jina la ofisi. "Ustawi yupo?" "Ustawi ametoka kidogo." Kwa saini yake bili inaweza kufutwa, kupunguzwa, au kugawanywa ilipwe kidogo kidogo.

Utaratibu huo una historia yake. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, matibabu katika vituo vya serikali yalitolewa bure. Mwaka 1993 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama, ikaanza na hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi. Ili ada isigeuke ukuta, makundi kadhaa yalisamehewa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo waliofikisha miaka 60, na wenye maradhi kama kifua kikuu na UKIMWI. Aliyebaki nje ya makundi hayo, naye hana kitu, aliachiwa mlango mmoja tu: athibitishwe kwamba hana. Uthibitisho huo ndio uliotua mezani kwa Ustawi, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, neno la mjumbe, na jicho la afisa mwenyewe.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, maana umaskini hauna kipimo cha damu. Mkulima aliye hohehahe mwezi Machi anaweza kuwa na magunia mwezi Julai. Mke wa mwenye duka anaweza kuwa hajawahi kushika noti ya elfu kumi bila kuomba. Msichana aliyependeza kuliko wote kwenye benchi huenda ameazima gauni kwa jirani ili asidharauliwe na manesi. Afisa ana dakika kumi za kuamua, na nyuma ya mgonjwa huyu kuna wengine wanane.

Mhadhara huu unamtazama mtu huyo, lakini si pale mezani tu. Hoja yake ni kwamba taaluma ya ustawi wa jamii katika afya ilizaliwa na sura mbili, ya dawati na ya njia. Dawati humsaidia aliyefika. Njia humtafuta asiyefika, na kuuliza kilichomzuia. Ukosefu wa usawa katika afya, kwa sehemu kubwa, ni habari za wasiofika. Na nchi zetu zimelijenga dawati vizuri zaidi kuliko zilivyoijenga njia.

Mwaka 1895, miji miwili

Sura hizo mbili zilijitokeza ndani ya mwaka mmoja, katika miji miwili iliyotenganishwa na bahari.

Januari 1895, Hospitali ya Royal Free jijini London ilimpokea Mary Stewart, mwanamke aliyekuwa na uzoefu wa kazi za jumuiya ya misaada iliyojulikana kama Charity Organisation Society. Alipewa kona ndogo katika idara ya wagonjwa wa nje na mkataba wa majaribio wa miezi mitatu. Waliomtuma walikuwa na shaka moja kubwa: kwamba watu wenye uwezo walikuwa wakijipenyeza kupata tiba ya bure iliyokusudiwa kwa maskini. Stewart aliwekwa awachuje. Alichokiona baada ya kuanza kuuliza maswali ni kwamba wadanganyifu walikuwa wachache. Wengi walikuwa maskini kweli, na wengine walikuwa maskini kiasi kwamba dawa peke yake isingewafaa kitu, kwa kuwa walikosa chakula cha kumezea dawa hiyo. Akaanza kuwaunganisha na waliokuwa na uwezo wa kuwasaidia. Wahudumu wa aina yake waliofuata ndio mababu wa Ustawi wa hospitalini tunaoujua leo, na swali la kwanza walilopewa, la nani anastahili, bado liko kwenye fomu.

Miezi michache baadaye, mjini Chicago, mwanamke mwingine aliteuliwa kuwa mkaguzi wa taka. Huyu alikuwa Jane Addams, mzaliwa wa 1860 katika kijiji cha Cedarville, Illinois. Mwaka 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walikuwa wamehamia katika jumba kuukuu lililoitwa Hull-House, kwenye Mtaa wa Halsted, katikati ya kata ya 19. Kata hiyo ilijaa wahamiaji: Waitalia, Wagiriki, Wairishi, Wayahudi kutoka Urusi, Wabohemia. Nyumba zilibanana, vyoo vilikuwa uani, na taka ziliwekwa katika masanduku makubwa ya mbao yaliyofungwa kando ya njia, ambayo watoto waliyapanda kuchezea.

Addams aliandika baadaye kwa masikitiko kuhusu kilichomwamsha. Mpwa wake mdogo, mwenye afya dhaifu, alilazimika kuhamishiwa shule ya bweni mbali na uvundo ule. Ndipo alipoona aibu: watoto wa majirani walikuwa wakichukuliwa kutoka kwa wazazi wao muda wote huo, nao hawakuwa wakipelekwa bweni bali kaburini, na hilo halikuwa limemsukuma kufanya jambo la maana.

Kwanza zilifanyika hesabu. Wanawake 12 wa klabu ya Hull-House walijigawia vichochoro wakavipitia jioni, mwenye shughuli zake akimaliza kupika kwanza. Katika miezi ya Agosti na Septemba walipeleka katika idara ya afya ya jiji taarifa 1,037 za ukiukwaji wa sheria za usafi. Taka zilibaki palepale. Addams akaomba mwenyewe zabuni ya kuzoa taka za kata. Ombi likatupwa kwa sababu za kitaratibu, lakini kelele zilizofuata zilimfanya meya ampe ukaguzi wa kata kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka.

Kila siku alikuwa barabarani alfajiri, saa kumi na mbili, akiyafuata magari ya taka hadi dampo. Mzabuni alikuwa na magari 9. Akamlazimisha kuyafikisha 13, kisha 17, huku mtu yule akilalamika kwamba kila gari linamtia hasara. Wenye nyumba waliokaidi walipelekwa mahakamani. Katika mtaa mmoja mwembamba, chini ya taka zilizoshindiliwa kwa miaka, ilifukuliwa barabara ya mawe ambayo hakuna mkazi aliyejua kwamba ipo. Katika orodha ya kata zenye vifo vingi jijini, kata ya 19 ilishuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7.

Mwaka huohuo wa 1895 Hull-House ilitoa kitabu cha ramani kilichosimamiwa na Florence Kelley. Nyumba kwa nyumba, rangi moja ilionyesha taifa la waliomo, nyingine kipato chao cha wiki. Kabla ya hapo ufukara wa kata hiyo ulisimuliwa kwa masikitiko tu. Sasa ulikuwa na anwani.

Kosa la nzi

Haitakuwa haki kuisifu njia bila kutaja ilipopotea.

Mwaka 1902 homa ya matumbo iliivamia Chicago. Kata ya 19 ilikuwa na sehemu 1 tu kati ya 36 ya wakazi wa jiji, lakini ilibeba karibu sehemu 1 kati ya 6 ya vifo vyote. Daktari Alice Hamilton, mkazi wa Hull-House, akishirikiana na wenzake wawili wa nyumba hiyo, alichunguza vyoo na mabomba, akakamata nzi karibu na vyoo vilivyofurika na jikoni, akawapima maabara na kuwakuta na vijidudu. Habari ilipendeza: vyoo vibovu, nzi, ugonjwa. Ilichapishwa, ikasomwa, na idara ya afya ikalazimika kufumuliwa na kupangwa upya.

Baadaye Hamilton alikuja kujua kwamba sababu kubwa haikuwa nzi. Bomba lilikuwa limepasuka na maji machafu yakaingia kwenye maji ya kunywa ya kata kwa siku kadhaa, na wahusika wakanyamaza. Aliyaeleza hayo bila kujificha katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 1943, na alikiri kwamba sifa aliyoipata kwa utafiti ule ilimkera kila ilipotajwa.

Kisa hicho kina funzo kwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii anayepelekwa uwandani kwa mara ya kwanza. Anayepita majumbani huona sana kilicho majumbani: choo, jiko, sufuria isiyofunikwa, mama asiyenawa mikono. Kisichoonekana kutoka mlangoni ni bomba la jiji, mkataba wa zabuni, na kikao kilichoamua kunyamaza. Ni rahisi mno kumlaumu mwenye choo. Elimu ya afya inayotolewa kijijini kana kwamba kila ugonjwa unatokana na ujinga wa mwanakijiji inarudia kosa lilelile la nzi.

Redio, kisha Juliana

Tanzania ilikuwa na njia yake mwenyewe. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Walizungumza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakainuka kwenda kufyeka nyasi na kuchimba vyoo. Mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyoanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam.

Miaka kumi baadaye uliingia ugonjwa ambao haukuzuilika kwa kufyeka nyasi.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa mkoani Kagera. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha miaka minne tu nyuma, na mpaka wa Uganda ulikuwa ukichemka kwa magendo. Wenyeji waliupa ugonjwa jina la Juliana, nguo ya fasheni iliyoletwa na wachuuzi wa mpakani. Aliyeivaa alijulikana kuwa ana fedha, na waliokuwa na fedha ndio walioanza kukonda. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Hospitali haikuwa na dawa ya kuwapa. Daktari alieleza, nesi akafungasha, na mgonjwa akarudishwa kwao kwenye chumba cha nyuma. Kuanzia hapo kilichobaki kilikuwa kazi ya ustawi wa jamii kwa kila hali: hofu, aibu, njaa, ada za shule, mjane na shamba la marehemu. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987. Dar es Salaam, mwaka 1989, ilizaliwa WAMATA, na aliyeiongoza kuzaliwa alikuwa mwanataaluma wa ustawi wa jamii, Theresa Kaijage, aliyekuwa mwalimu katika chuo hichohicho cha ustawi.

Jina la WAMATA linastahili kusomwa polepole: Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania. Halisemi wagonjwa wala waathirika. Linamkusanya aliyeambukizwa, mkewe anayemwogesha, mama mzee aliyebaki na wajukuu sita, na jirani aliyeendelea kuwaletea maji. Unyanyapaa wa wakati ule ulikata mstari kati ya "wao" na "sisi". Jina hili liliufuta mstari huo tangu kwenye barua za shirika. Kazi zenyewe zilikuwa ushauri nasaha, kutembelea wagonjwa nyumbani, na kuwashughulikia yatima. Kaijage aliendelea na swali la yatima hadi kwenye tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, aliyoiandika kuhusu watoto wa Dar es Salaam waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Hiyo ndiyo sura ya maisha ya kazi katika taaluma hii: unaanza na mtu mmoja kwenye kitanda, unaishia na swali linalohitaji takwimu.

Mjane na shamba lake si habari ya pembeni. Februari 1990, katika kesi iliyotoka Kagera, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, huku mwanamume akiruhusiwa, inapingana na Katiba. Mahakama haikuwa ikizungumzia afya. Lakini mshauri nasaha yeyote aliyefanya kazi Bukoba miaka hiyo alijua kwamba mwanamke aliyefukuzwa shambani baada ya arobaini hana chakula, na asiye na chakula hana kinga ya kutegemea. Hapo bomba lililopasuka lilikuwa sheria ya mirathi.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kazi ya ustawi haikupungua, ilibadilika. Sasa kulikuwa na watoro wa dawa wa kufuatiliwa, wenza wasioambiana, vijana waliozaliwa na virusi wakichoka kumeza vidonge. Na wastani wa taifa ulianza kuficha mambo. Utafiti wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na virusi. Katika Mkoa wa Njombe ilikuwa asilimia 12.7. Anayepanga huduma kwa kusoma namba ya kwanza peke yake atakuwa ameinyima Njombe sehemu yake bila hata kukusudia.

Nauli

Ukiwauliza maafisa ustawi wa hospitali za rufaa ni kitu gani kidogo kinachowashinda watu wengi, jibu huwa ni neno moja lisilo la kitabibu. Nauli.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliujua ukweli huo kupitia wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi linalomwacha mama akivuja mkojo bila kujizuia. Upasuaji ulikuwa bure na madaktari walikuwepo. Wagonjwa hawakuja, kwa sababu wengi waliishi vijijini mbali sana, walikuwa wametengwa na jamaa, na hawakuweza kununua tiketi ya basi. Kuanzia mwaka 2009 hospitali ilijaribu njia mpya. Watu wa kujitolea mikoani, walioitwa mabalozi, waliwatambua wanawake hao na kupiga simu. Nauli ilitumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya balozi, naye akaitoa, akakata tiketi na kumpandisha mama kwenye basi. Mama alipopokelewa Dar es Salaam, balozi alipewa takrima ndogo kwa simu hiyohiyo. Idadi ya waliofanyiwa upasuaji ikapanda.

Hakuna daktari aliyeongezwa ili mpango huo ufanye kazi. Kilichoongezwa ni mtu anayejua nyumba ipi ina mama anayejificha, na shilingi za basi.

Maskani

Mfano wa pili wa njia nao uko Dar es Salaam, na hauna sura ya kupendeza sana.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakizungumza na wanawake wanaojidunga heroini jijini walieleza jambo ambalo hakuna hospitali iliyokuwa imelinusa: baadhi ya wanawake, wakiwa hawana fedha na wameshikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa hiyo, walijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, wakitumaini kwamba itakuwa na chembe za dawa. Katika mji wenye virusi vya UKIMWI, hakuna njia ya hakika zaidi ya kuambukizana. Jambo hilo halikujulikana kwa kusubiri kliniki. Lilijulikana kwa kukaa na wahusika na kuwasikiliza bila kuwahukumu.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na humwondolea mtu arosto ili aweze kupanga maisha mengine. Lakini teja hakuwa akija Muhimbili kwa hiari yake. Alizoea kwamba mtu mwenye kitambulisho shingoni ni polisi au mgambo. Ilibidi wahudumu wa mashirika ya kijamii wamfuate maskani, wamzoee, wamsikilize mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, wamwandae, ndipo wamkabidhi kliniki. Wapo wahudumu wa namna hiyo waliowahi kutumia unga wenyewe. Hao hawahitaji kueleza arosto ni nini.

Na hata hapo nauli ilirudi tena. Dawa ni bure, lakini kila siku ni siku, na anayeishi mbali hupanda daladala kwenda na kurudi mwezi mzima. Kliniki nyingine zilipofunguliwa Mwananyamala na Temeke, zilifupisha safari hiyo.

Jina la Addams lafika Kijitonyama

Mwaka 2006 Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliingia ushirikiano na chuo cha ustawi wa jamii cha Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, ambacho kina jina la Jane Addams. Kutoka hapo yalitengenezwa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii ngazi ya kijiji na mtaa, watu wa kawaida wanaofundishwa kuwatambua watoto walio katika mazingira hatarishi na kuwafikisha kwenye huduma. Wilaya nyingi zilikuwa na afisa mmoja au wawili wa ustawi kwa maelfu ya kaya, na hakuna pikipiki inayoweza kuwafikia wote. Msaidizi anayeishi kitongoji hichohicho halazimiki kusafiri. Anasikia mtoto akilia usiku, na asubuhi anajua abishe hodi wapi.

Hatua kubwa zaidi zimefuata. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na kaya zipatazo 100 za kutembelea. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa Tanzania wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Kwa ukubwa, mpango huu unakumbusha vikundi vya redio vya mwaka 1973.

Ipo sababu ya kufurahi na ipo ya kuhofu. Kwa miongo mingi kazi ya kubisha hodi ilifanywa kwa kujitolea, fulana moja na posho ya semina, na wengi waliojitolea walikuwa wanawake maskini wanaohudumia maskini wenzao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioshauri kwamba wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi yao, na wasilipwe kwa kuhesabiwa matokeo peke yake. Ushauri wa pili una maana kubwa. Anayelipwa kwa idadi ya kaya alizotembelea atazianza zilizo karibu na barabara, na aliye ng'ambo ya mto, ambaye ndiye asiyefika hospitali, ataendelea kungojea.

Tahadhari nyingine inahusu namba zenyewe. Vifo vya uzazi nchini, kwa tafiti za kitaifa, vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Ni mafanikio makubwa, na yameokoa wanawake wengi sana. Lakini waliobaki ndani ya hiyo 104 hawako sawasawa na waliotoka. Wanaobaki mwishoni ni wale ambao barabara, fedha, umri mdogo, ulemavu au unyanyapaa vimewaweka mbali zaidi. Kadiri wastani unavyoshuka, ndivyo kazi ya njia inavyokuwa ngumu na ghali zaidi kwa kila mtu mmoja, na ndivyo mwenye bajeti anavyoshawishika kuiacha.

Daftari liende wapi

Wanawake 12 wa Hull-House walipopeleka taarifa 1,037, idara ya afya iliziweka kando. Taarifa zikawa na nguvu pale tu Addams alipopata kiti, mshahara na mamlaka ya kumwambia mzabuni aongeze magari. Afisa ustawi wa Tanzania naye ana daftari. Ndani yake yameandikwa majina ya walioomba msamaha wa matibabu, vijiji wanakotoka, kiasi walichoshindwa, na mara nyingi sababu. Daftari hilo hutumika kufunga hesabu za hospitali: fedha zilizosamehewa mwezi huu ni kiasi gani. Halisomwi kama ramani. Endapo wagonjwa 30 wa robo mwaka moja wametoka kata moja, na wote walichelewa kwa sababu ya kivuko, hiyo ni taarifa ya mhandisi wa barabara, na inapaswa kumfikia kabla haijawa orodha ya madeni.

Kwa hiyo mhadhara huu unawaomba wanaohusika mambo matatu yasiyohitaji sera mpya.

La kwanza, kila hospitali ya wilaya itoe kila robo mwaka muhtasari wa daftari la Ustawi, bila majina ya wagonjwa, ukionyesha kata na sababu, na usomwe katika kikao cha kamati ya huduma za jamii ya halmashauri, palipo na madiwani.

La pili, wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii na maafisa ustawi wafanye kazi kwa orodha moja ya kaya. Leo mhudumu anamjua mjamzito, Ustawi anamjua mjane, na mratibu wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) anaijua kaya maskini. Mara nyingi watatu hao wanazungumzia mwanamke mmoja, na hawajawahi kukaa meza moja.

La tatu ni mafuta. Pikipiki ya Ustawi iliyoegeshwa chini ya mwembe kwa kukosa lita tano haimtafuti mtu. Fedha ya ufuatiliaji wa majumbani, na akiba ndogo ya nauli ya wagonjwa, ziwe kifungu chenye jina lake kwenye bajeti ya halmashauri, zisitegemee mradi wa mfadhili unaokwisha Septemba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Maafisa wanaotaka kifungu hicho kiwemo wanapaswa kupeleka hesabu zao, pamoja na daftari, vikao vya mapendekezo ya bajeti vikiwa bado havijafungwa.